Vifaranga vya Samaki na Karatasi Zake: Namna ya Kupata Ruhusa ya Kituo cha Kuzalisha Samaki Karibu na Kolwezi



Katika toleo hili tunajibu swali la familia zilizohama makwao ambazo sasa zinaishi pembezoni mwa Kolwezi. Swali ni hili: tukitaka kuzalisha vifaranga vya samaki na kuviuza, tunahitaji ruhusa gani, na tuanzie wapi?

Swali ni zuri kwa sababu soko lipo. Samaki anayeliwa zaidi katika nyumba za watu wa hali ya chini ni yule wa baridi anayetoka baharini, ambaye wengi wanamwita Thomson, pamoja na dagaa wanaoletwa kutoka mbali. Mtu wa Kolwezi akitaka vifaranga bora kwa bwawa lake, mara nyingi huelekezwa Lubumbashi, mwendo wa kilomita 300 hivi. Vifaranga vingi hufa njiani. Kituo kidogo kilicho karibu kinaweza kuwafaa wafugaji wengi na kuzipa familia chache kazi ya kudumu.

Lakini swali lina upande mwingine. Kituo cha vifaranga kinahitaji ardhi na maji yanayotembea mwaka mzima. Katika Lualaba, ardhi na maji ndivyo vitu ambavyo watu wamegombania zaidi. Kwa hiyo hatutaeleza karatasi za serikali peke yake. Tutaeleza pia mapatano yanayopaswa kuja kabla ya karatasi, ili kituo kisiwe chanzo cha ugomvi mpya.

Tunatoka wapi

Ufugaji wa samaki si jambo geni kwetu. Mwezi wa Juni 1949 wataalamu wa Kibelgiji na wa Kiingereza walikutana Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, katika mkutano wa ufugaji wa samaki. Kituo cha Kipopo, karibu na mji huo, kilijulikana Afrika nzima kwa majaribio yake ya tilapia. Kabla ya uhuru, vijiji vya Kongo vilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Mengi yaliachwa baada ya 1960, kwa sababu watu wengi walikuwa wameyachimba kwa amri ya utawala, si kwa hiari yao, na vita vilikatiza msaada wa wataalamu. Katika miaka ya 1970 na 1980 wafanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps walifundisha tena ufugaji wa samaki katika Kasai, Bandundu na kwingineko, hadi walipoondoka wakati wa uporaji wa Septemba 1991. Baadhi ya wazee waliotoka Kasai bado wanaijua kazi hiyo. Ujuzi wao ni mali. Waulizeni.

Watu wa kuhama nao hawakuanza jana. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi na Likasi, wengine wakafia kwenye stesheni za treni wakingojea. Baadaye walikuja watu waliokimbia vita vya pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto. Mwaka 2016 na 2017 vita vya Kamwina Nsapu viliwahamisha zaidi ya watu milioni moja katika Kasai, na baadhi yao walishuka hadi Lualaba. Tena kuna waliohamishwa na migodi. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la IBGDH la Kolwezi walitoa ripoti juu ya familia zilizoondolewa kwa nguvu ili kupanua machimbo ya shaba na kobalti. Kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na mwenyeji aliyepoteza shamba lake kwa mgodi, akiishi pua kwa pua na mgeni aliyepoteza kijiji chake kwa vita. Wote wawili wanatazama kijito kilekile.

Kwa nini kusumbuka na karatasi?

Wengine wanasema: "Babu zetu walichimba mabwawa bila karatasi." Ni kweli. Lakini tazameni jina la Mashamba, hapa magharibi mwa Kolwezi. Neno lenyewe ni la kilimo, lakini leo Mashamba ya Mashariki na Mashamba ya Magharibi ni majina ya mashimo makubwa ya shaba. Mahali penye madini, mtu asiye na karatasi ndiye wa kwanza kuambiwa aondoke, na ndiye wa mwisho kulipwa fidia.

Karatasi inasaidia kwa njia tatu. Kwanza, inaonyesha kwamba ulikuwa pale kabla ya mwingine kuja. Pili, inakuwezesha kudai fidia ukihamishwa au maji yako yakichafuliwa. Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa kwa sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inamtaka mwenye kibali cha mgodi alipe madhara yanayotokana na kazi yake. Lakini bila ushahidi wa mali yako, madai yako ni maneno matupu. Tatu, karatasi inaziba mdomo wa yule atakayesema kwamba wageni wameiba maji.

Kumbukeni pia kwamba raia aliyehama hapotezi haki zake. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye nchini haki ya kutembea na kuweka makao yake popote nchini, kwa kufuata sheria. Mtu aliyetoka Mitwaba au Luiza anaweza kuomba ardhi Kolwezi kama mtu mwingine yeyote. Hasimami juu ya mwenyeji, wala chini yake.

Jambo la kwanza: maji

Kabla ya kulipa hata franka moja, chunguzeni maji. Maji mabaya hayatatengenezwa na kibali chochote.

Epukeni mashimo ya zamani ya migodi. Pampu za Gécamines ziliposimama, mashimo kadhaa yalijaa maji, na ukiyatazama unaona ziwa la kijani au la bluu lenye kuvutia. Si mahali pa kufugia. Maji hayo yanaweza kuwa na shaba na kobalti nyingi, kingo zake zinabomoka, na shimo lenyewe liko ndani ya eneo la mgodi. Msijenge pia chini ya mabwawa ya taka za viwanda. Bonde la Musonoi lilipokea mchanga wa taka za kiwanda cha Kolwezi tangu miaka ya 1950, na mchanga huo umebaki humo kwa miaka mingi.

Shaba ni sumu kali kwa samaki, na vifaranga ndio wanaoumia kwanza. Kiasi kidogo ambacho samaki mkubwa anakivumilia kinaweza kuua mayai na watoto wote. Jirani zetu wa Zambia walipata somo chungu: tarehe 18 Februari 2025 bwawa la taka za mgodi wa shaba lilipasuka karibu na Chambishi, tindikali ikaingia mto Mwambashi na kushuka hadi Kafue, samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji.

Fanyeni hivi:

1. Pandeni na kijito hadi chemchemi yake. Andikeni kila kitu mnachokiona juu yenu: kisima cha kuoshea mawe ya madini, kiwanda, shimo, dampo, shamba linalopigwa dawa.

2. Pimeni ukali wa maji kwa karatasi ya pH. Samaki wanapenda kati ya 6.5 na 9.

3. Wekeni samaki wadogo ishirini ndani ya chandarua katika maji hayo kwa siku saba. Wakifa, tafuteni mahali pengine. Wakipona, bado msiseme maji ni salama kabisa, kwa sababu samaki anaweza kuishi huku madini yakijikusanya mwilini mwake.

4. Kwa hiyo ombeni pia kipimo cha maabara kwa shaba, kobalti na risasi, kabla ya kujenga. Hifadhini matokeo. Siku maji yakichafuliwa, kipimo cha kwanza ndicho kitakachoonyesha yalivyokuwa.

5. Pimeni wingi wa maji mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Septemba au Oktoba, siyo wakati wa mvua.

Jambo la pili: mapatano na wenyeji

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mapatano nayo hufanywa kabla bwawa halijachimbwa. Likishachimbwa, kila mtu ameshika msimamo wake.

Tuchukue mfano. Familia kumi, sita za waliohama na nne za wenyeji, wanataka kujenga kituo kando ya kijito. Wanamwendea chifu. Mama aliyechaguliwa kusema anaanza hivi: "Baba chifu, tumekuja kuomba, hatujaja kuchukua. Tunataka utuonyeshe nani anatumia maji haya, ili tuzungumze nao kwanza." Chifu anamjibu: "Mama, hapo umesema vema. Wako wanaolima mboga chini, na wako wanawake wanaoloweka mihogo pale kwenye mti. Hao msiwapite."

Ni maneno machache, lakini yamebadili kikao. Kikundi hakikuanza na karatasi ya mji mkononi. Kilianza na watu wanaoguswa.

Katika baraza hilo, mzungumze mambo haya na kuyaandika:

– Mpaka wa kiwanja, ukitembelewa kwa miguu na pande zote na kuwekwa alama.

– Maji: kituo kitachukua sehemu gani, na wakati wa kiangazi nani atatangulia. Maji ya kunywa na ya kupikia hutangulia daima.

– Maji yanayotoka kwenye mabwawa: yatarudi wapi? Wakulima wa mboga wanaweza kuyafurahia kwa sababu yana mbolea, lakini mwanamke anayechota maji ya kunywa chini yake hatayafurahia. Pengine mfereji lazima upite kando.

– Wanachama na kazi: nafasi ngapi za wenyeji, ngapi za waliohama, ngapi za wanawake na vijana.

– Malalamiko: nani atayapokea na kwa siku ngapi atajibu.

– Zawadi ya desturi kwa chifu: itajwe wazi mbele ya watu wote, ili isionekane baadaye kama bei ya ardhi.

Hati hiyo isainiwe na pande zote na mashahidi, kisha nakala ziende kwa chifu, kwa kikundi, kwa watumiaji wa maji walio chini, na kwa ofisi ya sekta au ya komine.

Tahadhari moja kwa viongozi: barua ya chifu ni muhimu sana, lakini si hati ya ardhi. Sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Chifu anathibitisha kwamba ardhi haina mtu na kwamba jamii imekubali. Haki inayolindwa na sheria hutolewa na ofisi ya ardhi. Familia nyingi ziliishia kwenye barua ya chifu, na mgodi ulipofika zikaambiwa hazina kitu.

Jambo la tatu: ngazi za ruhusa

Katika nchi nyingine sheria imetaja kituo cha vifaranga kwa jina. Uganda, kwa mfano, ilitunga kanuni za ufugaji wa samaki mwaka 2003 zilizodai cheti maalumu kwa mzalishaji wa mbegu za samaki, na Zambia iliweka leseni ya ufugaji katika sheria yake ya uvuvi ya 2011. Kwetu Kongo, mtu asitarajie kutoka ofisi moja na karatasi moja iliyomaliza kila kitu. Ruhusa yake ni ngazi yenye vidaraja kadhaa. Ukiruka kidaraja kimoja, cha juu yake hakisimami.

*Kidaraja cha 1: Vitambulisho.* Kadi ya mpiga kura hutumika kama kitambulisho cha muda. Aliyepoteza kadi yake njiani aombe kwenye komine cheti cha kupotelewa na vitambulisho. Fanyeni hivyo mapema, kwa sababu bila jina lililoandikwa sawasawa hati zote zinazofuata zitakuwa na kasoro. Wajane na wanawake walioolewa waandikwe kwa majina yao wenyewe. Tangu marekebisho ya Kanuni ya Familia mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena kibali cha mume ili afanye tendo la kisheria.

*Kidaraja cha 2: Chombo cha kikundi.* Mtu mmoja anaweza kuomba peke yake. Lakini kwa familia zilizochanganyika, ushirika ni bora. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika ya 15 Desemba 2010 inaruhusu ushirika mwepesi wenye wanachama watano tu, na ushirika wenye baraza la uongozi kuanzia wanachama kumi na watano. Andaeni katiba ya ushirika, kanuni za ndani, orodha ya wanachama na muhtasari wa mkutano wa kwanza, kisha andikisheni katika rejista ya vyama vya ushirika. Shirika lisilo la faida, chini ya sheria ya 20 Julai 2001, halikuwekwa kwa ajili ya kugawana faida ya biashara. Msichague chombo hicho kwa sababu tu jirani ameshakifungua.

*Kidaraja cha 3: Kuuliza habari za mgodi.* Andikeni kwa ofisi ya kadasta ya madini, CAMI, mkiuliza kama kiwanja chenu kiko ndani ya kibali cha uchimbaji. Sehemu kubwa ya ardhi kuzunguka Kolwezi imefunikwa na vibali. Kibali cha mgodi hakimpi mwenyewe umiliki wa udongo wa juu, lakini kinamruhusu kuomba kuutumia, na mkulima atalazimika kuondoka kwa fidia. Ni afadhali kujua leo kuliko baada ya kuchimba mabwawa manane.

*Kidaraja cha 4: Ardhi.* Pelekeni ombi kwa ofisi ya hati za ardhi, pamoja na mchoro wa kiwanja, barua ya chifu na mapatano. Kwa ardhi ya vijijini kuna uchunguzi wa awali: mtumishi wa Serikali anakuja, anaangalia kama kiwanja hakina mtu, anawasikiliza wanaodai, anaandika ripoti. Siku hiyo majirani wote wawepo. Kwa utaratibu wa sheria ya 1973, huanza mkataba wa muda usiozidi miaka mitatu, ambamo unapaswa kuiendeleza ardhi, kisha haki ya miaka mingi zaidi na cheti cha kuandikishwa. Anayekaa miaka mitatu bila kuchimba hata bwawa moja anahatarisha haki yake.

*Kidaraja cha 5: Maji na mazingira.* Sheria ya maji nambari 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inatofautisha matumizi ya nyumbani na matumizi mengine. Kuchota maji ya kupikia ni jambo moja, kugeuza kijito kiingie kwenye mabwawa ni jambo jingine, na linahitaji kutangazwa au kuombewa ruhusa. Sheria ya mazingira nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa miradi inayoweza kudhuru mazingira, na shirika la ACE ndilo linalosimamia uchunguzi huo. Kwa mradi mdogo, andikeni barua mkieleza ukubwa wa mabwawa na wingi wa maji, na kuuliza ni hatua gani inayowahusu. Jibu la maandishi lihifadhiwe.

*Kidaraja cha 6: Huduma ya uvuvi.* Sasa ndipo ombi la kituo chenyewe linapopelekwa kwa Inspeksheni ya Kilimo, Uvuvi na Ufugaji: ya teritwari kwanza, kisha ya jimbo, inayojulikana kama IPAPEL. Katika faili mweke maelezo ya mabwawa, aina ya samaki, mahali mtakapopata samaki wazazi, idadi ya vifaranga mnavyotarajia, kipimo cha maji, na nakala za vidaraja vyote vilivyotangulia. Ombeni mtaalamu aje kukagua na kuandika ripoti. Ombeni pia maelezo ya karatasi zinazotakiwa mnaposafirisha vifaranga kwenda teritwari nyingine, ili mteja wenu asisimamishwe njiani na mifuko ya samaki walio hai.

Kila barua iwe na nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inarudi kwenu ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa.

Malipo: lipeni yanayojulikana

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Aliyehama anaogopa, na anayeogopa hulipa kila anayedai.

Kodi na ushuru wa majimbo na wa tawala za chini vimeorodheshwa katika amri-sheria nambari 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Kwa hiyo mnayo haki ya kuuliza kwa adabu: "Malipo haya yanaitwaje, na yameandikwa wapi?" Malipo halali yana hati inayoitwa kwa Kifaransa "note de perception". Hulipwa benki au mahali palipotajwa, na hutolewa risiti. Kwa kodi za jimbo la Lualaba, ofisi ya mapato ni DRLU. Fedha iliyotolewa mkononi bila risiti ni kama haikulipwa, na mwaka ujao itadaiwa tena.

Msiende watu wawili wawili kwa siri. Nendeni watatu, mwenyeji, aliyehama na mweka hazina, na kila malipo yaandikwe katika daftari linalosomwa mbele ya wanachama.

Samaki gani?

Si kila samaki anafaa kuachiliwa popote. Sheria ya uhifadhi nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inagusa uingizaji wa viumbe wageni. Tilapia wa Nile anakua haraka na wafanyabiashara wanampenda, lakini si wa asili katika Lualaba ya juu. Akitoroka huzaana na tilapia wetu wa asili na kuharibu mbegu yao. Hilo limeonekana katika mto Kafue. Tilapia wa Katanga anayeitwa kwa jina la kitaalamu macrochir alifugwa hapa tangu enzi za Kipopo, na kambale ni wa mito yetu. Anayetaka tilapia wa Nile aulize kwanza, na aweke wavu kwenye kila mlango wa maji. Mvuvi wa ziwa Nzilo hatakuwa rafiki yenu ikiwa mabwawa yenu yatabadili samaki wake.

Kazi ikoje?

Kolwezi iko juu, karibu mita 1,440 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai usiku ni baridi, na tilapia huacha kuzaa maji yakishuka chini ya nyuzi 22 hivi. Kwa hiyo miezi ya kuzalisha ni kuanzia Septemba hadi Aprili. Ahadi yoyote ya kuuza vifaranga Julai ni ahadi ya uongo.

Jike wa tilapia hubeba mayai mdomoni. Wekeni dume mmoja kwa majike watatu, ndani ya chandarua kilichofungwa bwawani. Tuhesabu pamoja: majike 30 na madume 10. Kila mnapokusanya, tuseme majike 10 wamezaa, kila mmoja watoto 200. Hao ni 2,000. Nusu wakipona, mna vifaranga 1,000. Bwawa la mita 10 kwa 20 linapokea vifaranga 400, yaani wawili kwa kila mita ya mraba. Familia kumi zenye bwawa moja kila moja zinahitaji 4,000, yaani mikusanyo minne. Kituo kidogo kinatosha kuanza.

Kambale ni mgumu zaidi, kwa sababu bwawani hazai kwa urahisi mpaka achomwe homoni. Aanzwe mwaka wa pili, baada ya mafunzo.

Andikeni kila siku: waliokufa, waliouzwa, aliyenunua, joto la maji. Daftari hilo ndilo mkaguzi atakalolisoma, na ndilo litakalowatetea siku samaki wote wakifa ghafla asubuhi moja.

Fedha za kuanzia

Viongozi wajue jambo hili. Kanuni ya Madini ya 2018 inataka kampuni za migodi zitenge asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yao kwa miradi ya jamii. Tena asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni ya tawala za chini zenye mgodi, kama komine, sekta na chifodomu. Kituo cha vifaranga chenye ushirika ulioandikishwa, ardhi yenye hati na mapatano yaliyosainiwa kinaweza kupelekwa kama mradi wa jamii. Lakini waliohama mara nyingi hawaitwi kwenye vikao vya kuchagua miradi. Kiongozi mwema awaite. Nao waliohama waje na mradi unaowafaa wenyeji pia.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Nani anatumia kijito chetu asubuhi, mchana na jioni? Je, tumezungumza na wote?

2. Kama familia moja ikirudi kwao, hisa yake katika ushirika itakuwaje? Na ikirudi tena?

3. Maji yakipungua Oktoba, nani atafunga mlango wa bwawa, na nani atahakikisha amefunga?

4. Kati yetu nani anaweza kusoma hati za Kifaransa na kuwafasiria wengine bila kuficha neno?

Ndugu zetu, njia hii ni ndefu, na inaweza kuchukua miezi mingi kabla ya kifaranga cha kwanza kuuzwa. Msikae bure wakati mnangojea. Baraza linaweza kufanyika wiki hii, na chandarua cha samaki ishirini kinaweza kuingia majini kesho. Mkijibiwa na maji kwamba hapafai, mtakuwa mmepoteza siku saba tu, na amani yenu na majirani itakuwa bado nzima.